Futi ya Fundi Cherehani na Saizi ya Helmeti Yako

Msimu wa korosho ukikolea, malipo ya mnada yakianza kuingia kwenye akaunti za wakulima kupitia vyama vya msingi, maduka ya pikipiki ya Masasi hayana nafasi ya kupita. Mzee anakuja na kijana wake kutoka kijijini, wanachagua Boxer au TVS, kisha ukaguzi unaanza. Wanasikiliza injini, wanabonyeza breki, wanavuta mnyororo, wanatazama tairi na tarehe zake. Bei ikikubalika, muuzaji anaongezea helmeti moja au mbili. Kijana anaitundika kwenye usukani, wanapanda, wanaondoka. Hakuna aliyeijaribu kichwani.

Katika vyote vilivyotoka dukani siku hiyo, helmeti ndicho kitu pekee kilichopaswa kulingana na mwili wa mtu mmoja maalumu. Boxer ileile itaendeshwa na baba, mwana na shemeji bila tatizo. Helmeti ya baba inaweza kumvuka mwana kichwani siku ya kwanza atakapoanguka nayo.

Ninafundisha madereva wa pikipiki, na swali ninaloulizwa zaidi vijiweni ni hili: helmeti ipi imara? Ni swali jema, lakini linatangulia kabla ya wakati wake. La kwanza lingekuwa: helmeti ipi inanikaa? Uimara wote ulioko dukani haumsaidii mtu ambaye helmeti yake imetangulia kuruka kichakani kabla kichwa hakijafika chini.

Ili kuelewa kwa nini, ichungulie ndani. Nje kuna ganda gumu, la plastiki kwa helmeti nyingi zinazouzwa kwetu, la nyuzi za kioo kwa zile za bei ya juu. Ganda huzuia kitu chenye ncha kisipenye na husambaza mgongano kwenye eneo pana. Chini ya kitambaa na sponji, kabla ya kulifikia ganda, kuna povu jeupe gumu, la aina ileile inayozunguka televisheni mpya ndani ya boksi. Povu hilo ndilo linaloukinga ubongo. Kichwa kinapogonga, povu linabonyea na kusagika, na katika kusagika huko kichwa kinapata nafasi ya kupunguza mwendo badala ya kukatishwa ghafla. Nafasi yenyewe ni sentimita chache tu, na muda wake ni sehemu ndogo sana ya sekunde, lakini ndani ya muda huo ubongo huweza kunusurika au mishipa yake ya damu kupasuka. Povu likishasagika halirudi kama lilivyokuwa. Ndiyo maana helmeti iliyopata ajali ya kweli hustaafu siku hiyohiyo, hata ganda lisipoonyesha ufa.

Sasa fikiria helmeti iliyoacha nafasi ya kidole kati ya kichwa na povu. Ikigonga chini, ganda linasimama lakini kichwa bado kinakwenda. Kinavuka ile nafasi tupu bila kupunguziwa chochote, kisha kinalipiga povu kwenye sehemu moja ndogo badala ya kulibonyeza kwa upana wake. Hasara ya pili ni kubwa zaidi. Mtu akianguka na pikipiki mara nyingi hagongi mara moja. Anagonga gari au kisiki, kisha anagonga barabara, kisha anabingirika. Helmeti iliyolegea huzunguka kwenye pigo la kwanza, ikafunika macho au ikaacha kisogo wazi, na pigo la pili linakikuta kichwa kitupu. Utafiti mkubwa wa nchi za Ulaya uliochapishwa mwaka 2001 uligundua kwamba katika ajali ulizozichunguza, zaidi ya helmeti moja kati ya kumi ilitoka kichwani wakati wa ajali. Hizo zilikuwa nchi ambazo saizi zote zinapatikana dukani.

Historia ya helmeti yenyewe inaeleza kwa nini saizi imekuwa jambo zito kiasi hiki. Mwaka 1935 T. E. Lawrence, afisa mashuhuri wa Kiingereza, alianguka na pikipiki akiwa kichwa wazi, akafariki siku sita baadaye. Miongoni mwa madaktari walioitwa kumhudumia alikuwamo mpasuaji wa ubongo, Hugh Cairns. Kifo kile kilimwingia. Aliendelea kukusanya habari za waendesha pikipiki walioumia vichwa, na mwaka 1941 akachapisha uchunguzi wake kuhusu faida ya helmeti. Mwaka huohuo jeshi la Uingereza likawaamuru waendesha pikipiki wake wazivae. Helmeti za enzi hizo zilining'inia juu ya kichwa kwa mikanda ya ndani, na mtu aliweza kuikaza au kuilegeza mpaka ikae. Mwaka 1953 mtafiti wa California, Charles Lombard, alipata hataza ya helmeti yenye tabaka la ndani linalosagika na kumeza nguvu ya pigo. Hilo ndilo chimbuko la helmeti tunazovaa leo. Kinga iliongezeka sana, ila ile nafasi ya kurekebisha ikaondoka. Povu gumu haliongezwi wala halipunguzwi. Ama umbo lake linalingana na kichwa chako, ama halilingani.

Hata kibandiko cha ubora kinategemea jambo hili. Helmeti yenye alama ya E ndani ya duara imepita majaribio ya Kanuni namba 22 ya Umoja wa Mataifa. Katika toleo la 05 la kanuni hiyo, maabara huivalisha helmeti kichwa cha bandia na kuiangusha juu ya chuma kwa mwendo wa mita 7.5 kwa sekunde, yaani kilomita 27 kwa saa. Vichwa hivyo vya bandia viko vya saizi mbalimbali, kuanzia mzingo wa sentimita 50 hadi 62, na kila helmeti hupimwa kwa kichwa kinachoijaza. Kwa maneno mengine, alama ile inaahidi kinga kwa kichwa kinachoitosha helmeti. Kichwa cha sentimita 55 ndani ya helmeti ya 61 hakikuahidiwa kitu na maabara yoyote.

Basi tuanze na kipimo, na kipimo hakina gharama. Masasi mjini na Newala vilevile, ni safu chache za maduka zisizo na fundi cherehani barazani, futi ikiwa imemning'inia shingoni. Mwombe. Futi izungushwe kichwani ikipita kama sentimita mbili na nusu juu ya nyusi, juu kidogo ya masikio, hadi nyuma mahali kisogo kinapotokeza zaidi. Isikazwe, isilegee. Ipimwe mara tatu kwa kuipandisha na kuishusha kidogo, na namba kubwa kuliko zote ndiyo yako. Tumia upande wa sentimita, si wa inchi, kwa sababu ndizo zinazoandikwa kwenye helmeti.

Kwa helmeti nyingi, S ni sentimita 55 hadi 56, M ni 57 hadi 58, L ni 59 hadi 60, na XL ni 61 hadi 62. Lakini usiiamini herufi peke yake, kwa kuwa viwanda havilingani; L ya kiwanda kimoja inaweza kuwa M ya kingine. Soma sentimita kwenye kibandiko cha ndani au kwenye boksi. Ukiangukia katikati ya saizi mbili, jaribu ndogo kwanza. Sponji ya ndani hulainika na kubonyea kadiri inavyovaliwa, na helmeti iliyokubana kidogo mwezi wa kwanza itakuwa imekukaa vizuri mwezi wa tatu. Iliyokuwa huru siku ya kwanza itazidi kulegea.

Namba hiyo hata hivyo inakufikisha nusu ya njia tu, na hapa ndipo ninapoona watu wengi wakipotea, wauzaji wakiwamo. Vichwa viwili vyenye mzingo uleule wa sentimita 58 vinaweza kuwa na maumbo tofauti kabisa. Kimoja ni kirefu kutoka paji la uso hadi kisogoni na chembamba ubavuni. Kingine kinakaribia mviringo. Helmeti nazo zimetengenezwa kwa maumbo tofauti, na boksi halisemi.

Kichwa kirefu kikiingia kwenye helmeti ya mviringo, kinabanwa mbele na nyuma huku ubavuni kukiwa na nafasi. Baada ya robo saa paji la uso linauma, na ukiivua unaona alama nyekundu au mstari uliobonyea. Kichwa cha mviringo kikiingia kwenye helmeti ndefu, maumivu yanakuja juu ya masikio na kwenye panja, na mbele unaweza kupitisha kidole. Mtu anayeumia paji la uso kwa kawaida husema helmeti ni ndogo, na muuzaji anampa saizi inayofuata. Maumivu yanapungua. Mteja anafurahi, analipa, anaondoka na helmeti ambayo sasa inacheza pande zote mbili. Alichohitaji ni helmeti ya saizi ileile yenye umbo jingine, na pengine ilikuwa imetundikwa kwenye msumari wa pili yake. Kwa hiyo ukiumia mahali pamoja, usipande saizi. Badili aina. Na kama dukani hakuna aina nyingine, nenda duka la jirani kabla ya kukubali kubwa.

Kuijaribu kwenyewe kuna utaratibu wake. Shika mikanda miwili, ivute nje ili mdomo wa helmeti upanuke, kisha ivae kuanzia paji la uso. Inapaswa kuingia kwa kubisha kidogo. Ikiingia yenyewe kama unavyovaa kapelo, irudishe. Ikishakaa, ukingo wa mbele uwe juu kidogo ya nyusi, si katikati ya paji. Kwa helmeti ya kufunika uso mzima, mashavu yasukumwe kidogo ndani, kiasi kwamba ukitafuna unahisi unakaribia kujing'ata. Watu wengi hudhani hiyo ni dalili ya udogo. Ni dalili ya kwamba imekushika. Kichwa kizima kibanwe kwa usawa, pasiwe na sehemu moja inayoumia wala sehemu isiyoguswa.

Kisha ishike kwa mikono miwili na uizungushe kushoto na kulia, juu na chini, kichwa ukikituliza. Tazama ngozi ya paji na mashavu kwenye kioo cha dukani, au mwombe mwenzako akutazame. Ngozi inapaswa kuvutwa pamoja na helmeti. Helmeti ikizunguka peke yake, ngozi ikabaki mahali pake, hiyo si yako.

Jaribio la mwisho lifanywe mkanda ukiwa umefungwa. Inamisha kichwa mbele kidogo, mwenzako ashike ukingo wa chini kisogoni na kuivuta juu kuelekea mbele, kwa nguvu ya kweli ila bila kukustukiza. Maabara hufanya jambo hilohilo kwa uzito wa kilo 10, na helmeti haitakiwi kugeuka zaidi ya nyuzi 30. Pale dukani huna kipimo cha nyuzi, lakini utajua. Ikikufunika macho haikufai, na ikivuka kabisa umeokoka kuipata hasara hiyo barabarani.

Baada ya hapo kaa nayo robo saa. Najua ninachoomba. Oktoba na Novemba, mvua zikiwa bado, Masasi ina joto la kutosha hata bila kuvaa kitu kichwani, na muuzaji ana wateja wengine. Mwombe kiti ukae kivulini. Maumivu ya umbo baya hayajitokezi dakika ya kwanza, na helmeti inayokuumiza utaivua baada ya siku tatu, uanze kuibeba mkononi.

Joto hilo ndilo sababu ya kwanza wanayonipa vijana kwa kupenda helmeti huru: wanataka hewa ipite. Ni hoja ya haki, na jibu lake liko kwenye matundu ya hewa na helmeti ya uso wazi, si kwenye saizi. Dereva wa Masasi mjini anayezunguka siku nzima kwa mwendo mdogo, ningependa avae ya uso wazi inayomkaa na kufungwa kuliko ya uso mzima inayoshinda kwenye kiwiko. Anayepanda kwenda Newala, ambako Juni na Julai upepo wa mlimani ni baridi na ukungu wa alfajiri hushuka hadi barabarani, hana sababu ya kuikimbia ya uso mzima. Inalinda kidevu na taya, na nimewaona wengi mno walioumia hapo. Uwe mwangalifu tu na zile ambazo sehemu ya kidevu inafunguka kwenda juu. Kwenye kibandiko cha kanuni ya Umoja wa Mataifa, herufi P huonyesha kidevu kimepimwa na kinakinga; NP huonyesha kipo ila hakikingi; J ni ya uso wazi.

Sababu ya pili ni simu. Dereva anataka nafasi ya kuchomeka simu kati ya sikio na helmeti aongee na mteja huku akiendesha. Kwa ajili hiyo huchagua iliyo kubwa, au huikandamiza sponji ya upande mmoja mpaka inakufa. Ukianguka hivyo, kati ya fupa la panja, ambalo ni jembamba kuliko mengi ya fuvu, na povu lililokusudiwa kulikinga, kuna kipande cha kioo na betri. Simama pembeni, ivue, ongea.

Sababu ya tatu haisemwi waziwazi lakini ndiyo yenye nguvu: helmeti huvaliwa kwa ajili ya trafiki. Askari akisimamisha pikipiki anaangalia kama helmeti ipo. Hawezi kupima pale barabarani kama inakukaa, na hilo si kosa lake. Matokeo yake ni helmeti iliyowekwa juu ya kichwa, mkanda ukipepea.

Kuhusu mkanda nitakuwa mkali. Helmeti isiyofungwa, hata ikiwa ya saizi sahihi, hutoka. Mkanda ukazwe chini ya kidevu, nyuma kidogo ya ncha yake, mpaka kidole kimoja au viwili vipite kwa shida. Ukifungua mdomo kupiga mwayo, uhisi helmeti inavutwa chini. Helmeti za bei nafuu zina kifungio cha plastiki cha kubonyeza, au kile chenye meno kinachokazwa hatua kwa hatua. Vyote vinafanya kazi vikiwa vizima. Lakini mchanga mwekundu wa uwanda wetu huingia kwenye meno hayo, kifungio kikawa kinasikika kimefunga kumbe kimeshika jino moja. Kikung'ute, kipulize, kisafishe kwa mswaki wa zamani, kisha kivute kwa nguvu kila unapofunga. Kifungio cha pete mbili za chuma, ambacho mkanda hupitishwa na kurudishwa, hakina cha kuziba na ndicho ninachokipenda kuliko vyote, ingawa kinataka subira. Mkanda uliokatika usimpelekee fundi viatu. Ataushona vizuri kwa macho, ila uzi wake haukupimwa kubeba mvuto wa kichwa cha mtu anayeruka kutoka kwenye pikipiki.

Haya yote yanachukulia kwamba dukani kuna cha kuchagua, na mara nyingi hakuna. "Kaka, hii itakuingia tu," muuzaji anasema, na kweli inaingia, kwa sababu amenunua jumla saizi moja au mbili kubwa ili asikose mteja. Mwenye kichwa cha sentimita 55 anashawishika kujaza nafasi kwa sponji ya godoro. Sponji hiyo inatuliza helmeti isicheze ukiwa umesimama, lakini kwenye pigo inabonyea kuwa bapa mara moja na nafasi ileile inarudi. Baadhi ya helmeti huwa na sponji za mashavu zinazobadilishwa kwa nene au nyembamba za kiwanda, nazo zinaweza kurekebisha mashavu. Haziwezi kuifanya XL kuwa S. Za mitumba nazisogelea kwa tahadhari. Huwezi kujua ziliwahi kuanguka na nani, na sponji yake imekwisha kushika umbo la kichwa cha mwingine.

Ukiwa na pesa ya kuchagua kati ya helmeti ghali iliyolegea na ya bei ya kati inayokukaa, chukua inayokukaa. Sisemi ubora si kitu. Tafuta alama ya E, au angalau uthibitisho unaotambuliwa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na ikatae ile ambayo ukichungulia ndani hukuti povu gumu bali kitambaa na ganda tu. Hizo zipo, na ni kofia za kukinga jua.

Nimebakiza abiria, na hapo ndipo pagumu zaidi. Helmeti ya dereva ina mwenyewe. Ya abiria asubuhi inavaliwa na mwalimu, mchana na mama anayekwenda kliniki, jioni na mzee anayerudi Kitangari na mfuko wa sukari. Madereva wananunua kubwa ili iwaingie wote. Kwa kawaida kichwa cha mwanamke ni kidogo kwa sentimita moja au mbili kuliko cha mwanamume, kwa hiyo abiria wengi wa kike wanapewa helmeti inayowavuka. Ushauri wangu kwa dereva ni anunue M ya uso wazi, ambayo itawashika watu wengi wa kati. Akiweza kuongeza ya pili ya saizi tofauti kwenye sanduku la nyuma, atakuwa amefanya jambo la maana kuliko redio.

Abiria naye ana madai yake ya haki. Wengi wanaikataa kwa hofu ya jasho la watu na mba. Kofia nyembamba ya pamba, au kitambaa cha tabaka moja alichokuja nacho mwenyewe, humaliza shauri hilo bila kuharibu ukaaji. Mtandio mwepesi uliotandazwa vizuri hauna neno. Kilemba kilichofungwa fundo kisogoni au ushungi wenye pini juu ya kichwa ni jambo jingine, maana fundo huinyanyua helmeti, na pini ikigongwa huelekea ndani. "Mama, naomba ulishushe fundo lije shingoni" ni ombi la heshima, na dereva anayelisema kwa upole husikilizwa. Nywele zilizosukwa nene au kufungwa kitutu huongeza sentimita kadhaa, kwa hiyo mwanamke anayepanda pikipiki kila siku apime kichwa akiwa na msuko anaouvaa siku nyingi, na kitutu kishuke chini ya ukingo wa helmeti. Kwa mtu wa namna hiyo, mwalimu au muuguzi anayekwenda na kurudi mwezi mzima, ningesema anunue helmeti yake mwenyewe. Jijini Kigali abiria wa pikipiki kuvaa helmeti ni jambo la kila siku. Si kitu kisichowezekana kwa abiria wa Kiafrika.

Watoto wananiumiza roho. Kichwa cha mtoto wa miaka sita kina mzingo wa kama sentimita 51 au 52. Helmeti ya baba inamfikia puani, inamlemea shingo, na akianguka inamtoka. Helmeti za watoto zinatengenezwa, ila ni nadra kuzikuta katika maduka yetu ya spea. Wanaozihitaji waziagize. Na mtoto aliyewekwa katikati ya mishikaki, mbele baba, nyuma dada, hana saizi ya helmeti itakayomfidia hilo.

Helmeti iliyokukaa leo inaweza kuacha kukukaa kwa kutunzwa vibaya. Kuitundika kwenye saitimira ndiyo desturi kuu, na saitimira hutoboa povu taratibu mahali palepale kila siku. Iweke kwenye tangi au ining'inize kwa mkanda. Petroli, thina na rangi ya kupuliza hudhoofisha ganda la plastiki bila kuonekana, kwa hiyo jina la kijiwe liandikwe kwa stika. Msimu wa kupulizia mikorosho usiibebe kwenye mfuko uleule wenye dawa za maji. Jasho nalo huua sponji mapema. Sponji inayotoka ivuliwe, ioshwe kwa sabuni laini na kuanikwa kivulini. Newala, ambako maji ya ndoo yamekuwa ya kununua kwa miaka mingi, kitambaa chenye unyevu na sabuni kidogo kila wiki kinatosha. Na hata ukiitunza hivyo, baada ya kama miaka mitano ibadili.

Ninasisitiza haya sasa kwa sababu barabara inabadilika. Ile ya Mtwara, Newala hadi Masasi, kilomita 210, inajengwa kwa lami kipande kwa kipande. Kwenye mchanga wa zamani, kijana alianguka akiwa na kilomita 30 kwa saa na kuinuka akijikung'uta. Kwenye lami anakwenda 80, na mabasi yanayompita nayo yanakwenda. Damu ikivujia ndani ya fuvu, hospitali za Newala, Mkomaindo na Ndanda zitafanya zinachoweza, lakini safari ya kwenda kwa mpasuaji wa ubongo Muhimbili ni ya zaidi ya kilomita 500, na ubongo uliobanwa na damu hauna saa hizo. Uchambuzi wa tafiti za nchi nyingi uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kuwa helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa mwendesha pikipiki aliyepata ajali kwa takriban asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69.

Tatizo la maduka kuwa na saizi moja haliwezi kutatuliwa na mteja mmoja mmoja. Linaweza kutatuliwa na kijiwe. Kila kijiwe kina mwenyekiti, kina daftari la michango na kina kundi la simu. Siku moja asubuhi fundi cherehani aitwe, apime vichwa vyote, katibu aandike jina na sentimita, na pembeni aweke alama kwa wale wanaoumia paji la uso au panja katika helmeti walizo nazo sasa. Orodha hiyo ipelekwe kwa muuzaji pamoja na malipo ya awali. Muuzaji anayejua kwamba ana wateja sita wa M na wanne wa S waliokwisha kulipa nusu hana sababu ya kuagiza XL tupu kutoka Dar es Salaam. Mzigo unakuja kwa basi la usiku. Ukifika, boksi lifunguliwe palepale kijiweni, kila mtu avae yake, afunge mkanda, ainamishe kichwa, na mwenzake amvute kisogoni. Zisizokaa zirudi na basi la jioni.